Mkwe Hadai

Pantoni ilipogusa gati ya Likoni, asubuhi moja ya mwaka wa arubaini na nne, umati ulishuka kwa kusukumana, na katika msukumano huo msichana akaangukia meza ya Faki, mwandishi wa barua. Wino ukamwagika. Buibui likamteleza mabegani, ikadhihiri leso ya zafarani na uso uliojaa haya.

"Astaghfirullahi! Nimekuharibia ombi la watu, kaka."

"Halijalipiwa hilo," akajibu Faki, macho yamemganda. "Wino umelitendea haki."

Msichana akacheka. Aliitwa Dhahabu, binti wa Mzee Mwagandi wa Mtongwe. Kesho yake alirudi na senti thelathini za wino; kesho kutwa akarudi bila ya sababu.

Haukupita muda posa ikapelekwa, ikapokewa. Mahari ni shilingi mia na hamsini, nazo zitimie kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Zisipotimia, Mzee yu huru kupokea posa nyingine.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza, kwani ada ya watu wale ni kwamba mkwe hadai. Tangu siku ya posa, Mzee, na ndugu zake, na binamu wasiojulikana walizaliwa wapi, walimiminika mezani na haja zao: huyu shamba lake, yule mshahara wa mwanawe aliye na jeshi la Waingereza vitani Bama. Faki akimaliza kuwapigia barua zao kwa mashine yake ya chapa, hushikwa mkono kwa mapenzi: "Ahsante, mwanangu. Sisi nawe si watu wa hesabu." Naye hutabasamu, akatia nakala bwetani, katika kisanduku chake, moyo ukimchoma. Akidai, amewavunjia heshima wakweze na posa itarudishwa. Asipodai, mahari hayatimii. Ikawa hata katika sala husahau rakaa.

Zilipobaki siku kumi kufika Ramadhani, Dhahabu alimjia.

"Nyonda wangu, shilingi za mahari zimefika ngapi?"

"Inshallah zitatimia."

"Hiyo ni inshallah ya mwezi uliopita, au umeleta mpya?"

Faki akainamisha macho. Amwambieje kwamba mdaiwa mkubwa ni babake?

"Watu mezani pako hawapungui," akasema Dhahabu. "Basi fedha zenda wapi? Yuko mwingine?"

"Wallahi hayuko!"

"Basi kuna nini?"

Faki akageukia mashine, akajitia kunyoosha karatasi. Dhahabu akajifunika buibui lake. "Anipendaye angesema," akanena, akaenda zake.

Siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, Mzee Mwagandi alifika na bakora yake, na Dhahabu nyumaye, macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie waraka kwa yule mwenye duka wa Changamwe, anayemtaka pia binti yangu. Mwambie mahari hayakutimia, naye alete posa yake."

Faki akatia karatasi mashineni. Kidole kikakataa kushuka.

"Andika, mwanangu. Jua linapanda."

"Baba," akauliza Dhahabu, "waraka huo utaulipia?"

"Ajabu gani hii! Mkwe hadai."

"Mkwe gani? Si ndiye unayemvua ukwe kwa waraka wake mwenyewe?"

Mzee akakohoa. Dhahabu akamgeukia Faki taratibu, kama aliyeona taa ikiwashwa. "Kumbe ndivyo? Baba na ami zangu wamekuandikisha mangapi?"

 Faki akiendelea kunyamaza, amempoteza. Akisema, labda amempoteza pia. Akalivuta bweta, akalifungua, akamwekea mikononi bunda zima la nakala.

"Haya ndiyo mahari yako," akasema. "Ujira wa barua hizi unapita shilingi mia na hamsini. Sina mengine, na sikuweza kuyadai."

"Wewe huwezi. Mimi naweza, binti humdai babake." Akamtazama Mzee. "Mahari ni haki yangu, baba, na mimi nimeridhika na deni hili. Ukimkataa Faki, atakudai yeye leo. Ukimkubali, nitakudai mimi polepole."

Mzee alizitazama nakala, akaiona saini yake juu ya kila iliyo yake, kubwa na yenye mikogo. Akazipekua moja moja hata pantoni ikajaa, ikang'oa nanga, ikafika ng'ambo.

"Toa karatasi hiyo," akasema mwishowe. "Tia nyingine. Mwandikie mwalimu wa msikiti, aje atusomee nikaha kabla mwezi haujaandama."

Faki akaandika, na mara hii vidole havikukataa. Mzee akatia mkono kanzuni, akatoa sumni, ile ya senti hamsini, akaiweka mezani. Faki aliponyoosha mkono, Dhahabu akamtangulia.

"Hiyo yangu," akasema, akaifunga katika pembe ya leso. "Iliyobaki, baba, nitaifuata nyumbani."