Wakili wa Viatu vya Mvua

Umeme ulikatika wakati mashine ya fotokopi imeshameza karatasi za watu wawili.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa nne, mvua inanyesha tangu alfajiri, na kile kiduka cha jirani na stendi ya Moshi kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni: wazazi wenye fomu za shule, mwanachuo anayetafuta kazi, mama mmoja na kuku wawili ndani ya kikapu. Aika alikuwa mbele kabisa. Alivaa gauni la kitenge cha kijani alilojishonea mwenyewe, na tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni kwa haraka aliyotoka nayo dukani kwake. Pembeni yake alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, ananukia kahawa kavu kama gunia.

"Kaka, ya juu hapo ni karatasi yangu," Aika alisema.

"Dada, mashine imekula zote mbili. Tusubiri itapike."

"Na ikitapika yako ndani ya yangu?"

"Basi tutakuwa tumeshachanganya ukoo."

Watu wakacheka. Mwenye kuku akamwambia kijana, "Mangi, maneno hayo unayatoa wapi asubuhi hii?" Aika alitaka kununa, ikashindikana. Umeme uliporudi kila mmoja akachukua karatasi zake zikiwa za moto, akakimbilia mvuani.

Aika alipofika dukani ndipo alipoona. Katikati ya karatasi zake kulikuwa na nakala ya hati ya nyumba ya Kiboriloni, na pembeni namba ya simu kwa kalamu. Akapiga.

"Haloo, wewe ndiye mwenye nyumba Kiboriloni?"

"Nani mwenzangu?"

"Yule mliyechanganya naye ukoo."

Kijana alicheka mpaka wenzake kiwandani wakamgeukia. Jina lake Kastori, fundi wa mashine za kukobolea kahawa. "Hata mimi nina kitambulisho chako hapa. Mbona pichani umenuna kama umefiwa na mbuzi?"

"Nirudishie kitambulisho, hayo maneno baki nayo."

"Nitarudisha. Ila na wewe niulizie huko dukani kwako, kama kuna mtu anatafuta nyumba. Hiyo ya Kiboriloni inauzwa."

Anayetafuta alikuwa Aika mwenyewe. Yeye na mama yake walikuwa wapangaji kule Majengo, na mwenye nyumba alishawaambia watoke kabla ya mwezi wa saba. Akiba yote ya miaka tisa ya kushona sare za watoto wa shule ilikuwa inangoja nyumba moja tu. Hakuwa na ya pili ya kujaribia. Hilo mlikumbuke, mabinti, maana ndilo lililomfanya awe mgumu pale ambapo mwingine angelainika.

Jioni ileile walikutana kurudishiana karatasi, wakaishia kula mtori wa ndizi. Jumapili akaenda kuiona nyumba. Ya matofali ya kuchoma, mabati mekundu, migomba nyuma, na siku ikiwa safi mlima wote unauona ukiwa jikoni. Chumba kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kufuli.

"Cha Bibi," Kastori alisema. "Amehamia Kibosho kwa shangazi tangu nyonga imsumbue. Baba mdogo anasema ameridhia tuuze. Ila nisimgusie sana habari hiyo, atalia."

Baada ya hapo simu hazikukoma.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula, lakini sijashiba. Nimekumiss."

"Kunywa maji."

"Aika, wewe una roho ngumu kama kiatu cha jeshi!"

Na kweli walipendana. Sisemi kwamba kijana alikuwa mbaya. Alikuwa mwema, mchapa kazi, anaheshimu wakubwa. Lakini mtu mwema naye anaweza kukupa karatasi mbovu, kwa sababu na yeye alipewa tu.

Siku moja, wamekaa kwenye ngazi za duka la Aika, likatokea neno.

"Kasto, nimepata wakili. Yuko hapahapa mjini."

"Wa nini tena? Baba mdogo ana wake, yuko Dar. Anatuma mkataba kwa simu, unasaini, anagonga muhuri, kesho yake una nyumba."

"Huyo wakili ameshafika Kiboriloni?"

"Akafuate nini? Ndizi?"

"Mipaka. Majirani. Mjumbe wa mtaa."

"Yaani huniamini."

"Wewe nakuamini. Karatasi siijui."

"Karatasi ni yangu na mimi ni wako. Sasa unaogopa nini, mpenzi?"

Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Sauti ile ni tamu, mkono uko begani, kalamu iko mezani. Lakini Aika hakukubali kusaini. Kastori akainuka, akaondoka bila kuaga.

Wakili mwenyewe Aika hakumwokota. Alizunguka sokoni akawauliza wanawake watatu waliokwisha kununua nyumba na bado wanalala ndani yake: ni nani aliwasimamia? Wawili kati ya watatu walitaja jina moja, Wakili Redempta. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mama wa makamo, suti nyeusi iliyonyooshwa vizuri, na nyuma ya mlango viatu vya mvua vyenye tope bichi. Aika alipoviona vile viatu, roho ikamtulia. Alikuwa mtu anayekwenda kuona kwa macho yake. Alipokea karatasi zote zilizotumwa na yule wakili wa Dar, akasoma moja moja, kidole kikifuata mstari, akasema tu, "Nipe wiki moja. Na usitoe hata shilingi."

Siku tatu zikapita Kastori hajapiga simu. Ya nne Aika akajishusha. Akapika machalari ya ndizi na nyama, akafunga kwenye hotipoti, akampelekea kiwandani mchana. Alimkuta getini amempa mgongo, anaongea na simu kwa sauti laini ambayo Aika alidhani ni yake peke yake.

"Mke wangu, wivu wa nini? Wewe ndiye mkubwa, yeye atakuwa mdogo tu. Eeh. Jumamosi naja, nitakukanda miguu. Kula, mke wangu, usilale njaa."

Aika aliweka hotipoti juu ya ukuta, akageuka. Kastori alipiga mara kumi na moja jioni hiyo. Akajibiwa kwa ujumbe mmoja: "Msalimie mkeo." Kijana akausoma, akausoma tena, hakuelewa kitu.

Ijumaa Aika alipanda ngazi za ofisi, macho mekundu.

"Wakili, naacha. Nyumba siitaki, na mwenye nyumba simtaki."

"Mwenye nyumba nani?"

"Kastori. Ana mke."

"Mwenye nyumba siye Kastori, mwanangu. Nimepekua ofisi ya ardhi, nimeongea na mjumbe na majirani wa kulia na kushoto. Hati ina jina la marehemu babu yake. Anayeuza ni baba yake mdogo anayekaa Himo, Wenseslaus, msimamizi wa mirathi, kwa ridhaa ya mjane. Ridhaa yenyewe hii hapa." Akasukuma karatasi mezani. Chini kabisa, juu ya jina la mjane, Beatrice, kulikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, iliyokolea.

"Si ndivyo wazee wanavyosaini?"

"Wazee wengine. Mimi nimezaliwa Kibosho. Bibi Beatrice alikuwa karani wa parokia yetu miaka zaidi ya ishirini. Cheti changu cha ubatizo aliandika yeye, mwandiko kama umechapwa. Mtu kama huyo anaanza lini kuweka dole gumba?"

Aika aliivuta karatasi karibu, akalitazama lile dole.

"Wakili wa Dar angejuaje?" Redempta aliendelea. "Kwake huyu ni bibi kizee tu wa mlimani. Kesho Jumamosi. Tafuta viatu, twende tukamuulize mwenyewe."

Gari dogo la wakili lilikwama kabla ya kufika, wakamaliza kwa miguu. Wakili, mama wa watu, alikuwa ametangulia ndani ya utelezi, sketi ameipandisha, faili kaifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuikumbatia kifuani kama mtoto. Aika alimtazama, akasahau kidogo machungu yake. Mtu aliyesoma vile, anayejulikana mji mzima, na amekubali kuchafuka kwa ajili ya nyumba ya mshona sare.

Walipokaribia jiko la nje walisikia sauti. Aika akaganda.

"Mke wangu, fungua mdomo basi. Kiburu kinapoa."

"Sifungui. Mpaka uniambie huyo mke mdogo unamleta lini."

Moshi ulipotawanyika, Aika aliona. Kastori alikuwa amechuchumaa, kijiko mkononi. Mbele yake, kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, alikaa bibi wa miaka themanini na kitu, miwani puani, kanga mpya begani.

"Shikamoo, Bibi," wakili alisema.

"Marahaba. Na huyo anayelia ni nani?"

Kastori aligeuka, kijiko kikaanguka. "Aika?"

"Huyu ndiye mkeo?" Aika alisema huku analia, huku kicheko kinamponyoka.

"Tangu nina miaka mitatu ananiita mume wake! We mwanamke, ulitaka nimwite nani?"

"Aika," Bibi alilirudia jina polepole. "Kwetu, kusema aika ndiko kushukuru. Sogea nikuone, mke mwenzangu."

Wakacheka wote. Lakini Redempta hakuwa amepanda kule kwa kucheka. Alitoa karatasi, akaiweka mapajani mwa Bibi. Bibi akasoma bila kusaidiwa na mtu, mpaka chini. Akavua miwani.

"Kidole? Mimi? Wenseslaus ameniambia nipumzike hapa mpaka mvua ziishe. Kitanda changu kiko kule. Mume wangu alijenga ile nyumba nikimchotea maji. Siuzi."

Kastori alikuwa amebadilika rangi. "Bibi, haki ya Mungu, aliniambia umekubali."

"Na wewe ukanificha mimi, ukaiamini simu." Bibi hakupaza sauti. "Kama si huyu mtoto wa watu na wakili wake, ningerudi na kukuta nini? Na yeye angenunua nini?"

Baadaye Wenseslaus aliitwa na ukoo, na usimamizi wa mirathi akavuliwa mahakamani. Yule wakili wa Dar simu yake haikupatikana tena.

Siku hiyo, wakati wa kushuka, Kastori aliwasindikiza hadi kwenye gari.

"Nisamehe, Aika. Nilikuambia uniamini, na mimi mwenyewe sikuwa nimeuliza."

"Ungenivunja, Kasto. Mimi na mama yangu."

"Najua. Nioe basi." Akajishika mdomo. "Yaani, nikuoe."

"Wewe sukuma gari kwanza," alisema Aika, na wakili akageuka upande akitabasamu.

Nyumba nyingine ilichukua wiki tisa kupatikana, kule Pasua, vyumba viwili na ukumbi. Redempta alikwenda mara tatu. Alikaa na majirani, akapima na mjumbe, akamuita mke wa muuzaji akamuuliza peke yake kama ameridhia. Siku ya kusaini, mwezi wa sita unaishia, Aika alivaa gauni jeupe lenye maua madogo. Kastori alikaa kwenye benchi la mlangoni, shati lake la kanisani.

"Mnunuzi, hali ya ndoa?" wakili aliuliza, kalamu juu.

Kastori akainua mkono kama mwanafunzi. "Mpenzi, si tungengoja wiki mbili tu? Mahari imeshapelekwa. Ungeandika umeolewa."

"Hapana, baba," Aika alisema bila kugeuka. "Wakili, andika sijaolewa. Jina ni langu na la mama yangu."

Redempta akaandika. Aika akavuta karatasi, akasaini jina lake lote, herufi baada ya herufi, kisha akaupuliza wino ukauke.

"Haya, fundi," akasema. "Sasa twende kanisani tukaandikishe ndoa."