Ramani ya Miguso

Annick ni jirani yangu hapa Nsambya, Kampala. Vyumba vyetu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Haya yalimpata mwaka jana, mchana kweupe, na mwisho wake niliuona mwenyewe.

Alikuwa akifanya kazi Kabalagala, ghorofani juu ya saluni, katika ofisi ya shemeji yake, Katembo. Walitengeneza programu ya simu ya kuwasaidia Wakongo kutafuta ndugu waliopotea vitani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Katembo na maneno yake: "Nilimzika mke wangu njiani kwa mikono yangu. Wewe mtafute wako." Mke huyo alikuwa Perpétue, dada mkubwa wa Annick. Watu walilia wakisoma. Annick alimpenda shemeji yake kama baba. Ndiye aliyemleta Kampala na kumsomesha.

Kazi yake ilikuwa kutazama ramani ya miguso, yaani picha ya ukurasa inayoonyesha watumiaji wanagusa wapi. Panapoguswa sana panawaka wekundu. Pasipoguswa panabaki buluu. Siku hiyo alitarajia wekundu kwenye kitufe cha kutafuta. Kitufe kilikuwa buluu.

Wekundu ulikuwa kwenye picha, shingoni mwa Katembo.

Akadhani ni hitilafu. Akawatoa watumiaji wote, akabakiza simu yake tu. Akaiweka mezani, akakalia mikono yake, akatazama kompyuta.

Doa likawaka. La pili. La tatu. La nne.

Yalikaa kama vidole vya mkono mmoja. Pa kidole cha mwisho palikuwa patupu. Perpétue alikatwa kidole kidogo na mashine ya kusaga muhogo, katika usichana wake.

Katembo akaingia na chapati mkononi.

"Shemeji," Annick akanong'ona, "yaya Perpétue ulimuzika wapi?"

"Si nilikuambia? Kule karibu na Rutshuru."

Annick akamgeuzia kompyuta. Chapati ikaanguka.

"Homa ilikuwa imemuzidi," Katembo akasema polepole. "Hakuweza tena kutembea. Risasi zilikuwa nyuma yetu."

"Alikuwa hai?"

Katembo akainama kuokota chapati.

"Shemeji. Alikuwa hai?"

"Nilimubeba mgongoni. Alinishika hapa." Akagusa shingo. "Nikamubandua kidole kimoja kimoja. Nikamuacha. Alikuwa ananiita."

Annick aliniambia kwamba hofu ilimtoka palepale, na kilichoingia mahali pake kilikuwa baridi zaidi. Miaka yote hiyo alikuwa akiliombea kaburi ambalo halikuwepo, akila meza moja na mtu aliyelibuni.

Kwenye kompyuta, madoa yakaanza kusogea. Yakakaribiana. Yakabana.

Katembo akashika koo. Akakohoa. Akakimbilia ngazini bila kutazama nyuma. Mpaka leo hajulikani aliko.

Kesho yake nilimsindikiza Annick kuchukua vitu vyake. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu jana yake. Dada wa saluni alikuwa amepiga deki ngazi asubuhi ile, na aliapa hakuna aliyepita. Lakini juu ya saruji ile safi palikuwa na nyayo za miguu mitupu, ndogo, za mwanamke. Zilikuwa za kushuka tu. Za kupanda hazikuwepo.

Niliinama, nikagusa. Udongo wa Kampala ni mwekundu. Huo ulikuwa mweusi, wa kule Rutshuru kwenye volkano, na ulikuwa bado umelowa.