Kilichofuta Maisha ya Mwalimu Peres

Veronicah aliandika maisha ya watu waliokufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Familia ikifiwa pale mtaani Jamhuri, mtu alimletea picha na karatasi zenye majina na tarehe. Yeye aliketi sebuleni, akaandika wasifu wa marehemu kwenye laptopu, kisha akaupeleka mjini kuchapishwa vijitabu vya mazishi. Mumewe, Lenox, alikuwa fundi wa mabomba kule Spring Valley. Binti yao, Debra, alikuwa na miaka saba. Mchana nyumba ilikuwa kimya.

Jumanne hiyo alikuwa akiandika juu ya Mwalimu Peres, jirani yao wa nyumba ya tatu. Ndiye aliyemfundisha Debra kusoma. Mwana wa mwalimu, Isaiah, alikuwa ameleta karatasi za mama yake. Ibada ya kumuaga ingekuwa Ijumaa.

Saa saba hivi Veronicah alimaliza sentensi ya mwisho, kwamba mwalimu alifariki usingizini. Akaenda jikoni kuongeza maji kwenye maharagwe. Akiwa huko alisikia kitu. Ta. Kimya. Ta, ta. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayebonyeza kitu kwa ukucha. Alisimama na mwiko mkononi. Debra alikuwa shuleni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Alirudi sebuleni polepole. Hapakuwa na mtu. Lakini kwenye kioo cha laptopu maneno yalikuwa yakiondoka, herufi moja moja, kutoka mwisho. Kifo cha mwalimu kilikuwa kimeshafutika. Ugonjwa wake ukafutika. Wajukuu wakafuata, jina kwa jina. Kisha harusi yake. Kisha chuo cha ualimu. Maisha yalirudi nyuma bila haraka mpaka yakafika siku aliyozaliwa, nayo ikaondoka. Mshale nao ulianza kutambaa peke yake. Ulipanda ukurasa, ukafika kwenye picha ya Mwalimu Peres, ukasimama juu ya uso wake ukitetemeka. Ta. Picha ikatoweka.

Veronicah aliufunga mfuniko wa laptopu, akaenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka Debra aliporudi.

Jioni alimweleza Lenox. Lenox alimcheka kidogo, akafungua laptopu mwenyewe. Mshale ulitambaa mbele ya macho yake, na kidole chake hakikuwa kimegusa kitu. Akaacha kucheka. Veronicah alisema huenda kuna jambo aliloliandika ambalo mwalimu hakulitaka. Waliomba pamoja. Kisha Lenox akaifunga ile laptopu ndani ya blanketi, akaisukuma chini ya kitanda cha Debra, kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine.

Asubuhi Debra alikataa kunywa chai. Alikuwa amekaa na sare yake ya shule, akitazama mlango wa chumba chake.

"Mama," alisema, "chini ya kitanda changu kunanukia tamu."

Veronicah aliingia chumbani, akainama. Kweli. Harufu ilikuwa tamu na kali, kama rangi ya kucha. Alilivuta blanketi, akalifungua. Laptopu ilikuwa imebadilika umbo. Mfuniko haukufungika tena. Ulikuwa umeachama, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Alipoiweka sakafuni, ilicheza huku na huku.

Aliifunika kwa blanketi, akaibeba hadi nje. Ndipo akakutana na Kalekye. Kalekye aliishi nyumba ya nyuma, na alikuwa fundi wa kompyuta katika jengo moja mjini. Alikuwa akielekea kazini na mkoba wake wa vifaa. Veronicah alimweleza yote kwa sauti ya chini, mpaka ile ya picha kutoweka. Kalekye hakucheka. Aliiangalia laptopu, akainusa kwa mbali.

"Mama Debra, iweke chini hapo kwenye saruji, polepole. Usiifinye kabisa. Jana mliichaji?"

Veronicah akasema iliunganishwa na chaja kutwa nzima. Huwa haichomoi.

"Na ililala wapi?"

"Chini ya kitanda cha mtoto."

Kalekye alitua mkoba wake. "Hilo ndilo la kuogopa," akasema. "Si Mwalimu Peres. Betri imevimba. Ingeweza kushika moto, na blanketi ingekuwa kuni."

Alimtuma Veronicah alete ndoo ya mchanga mkavu. Aliizima laptopu kabisa, akangoja, kisha akafungua skrubu za chini moja baada ya nyingine. Aliondoa waya wa betri, akaitoa betri bila kuipinda. Ilikuwa imevimba kama mandazi. Akailaza kwenye mchanga, mbali na nyumba, akamwonya Veronicah asije akajaribu kazi hiyo mwenyewe. Betri kama hiyo ikitobolewa inawaka papo hapo. Mtu akiona imevimba, azime mashine, achomoe chaja, aiweke mahali pagumu mbali na vitu vinavyoshika moto, amwite fundi. Na haitupwi kwenye takataka. Ina watu wanaoikusanya.

Kisha akamwonyesha mahali betri ilipokuwa. Ilikuwa chini ya kile kibao cha kugusa, kinachosogeza mshale. Ilipovimba ilikisukuma kutoka chini, na kibao kikadhani ni kidole cha mtu. Ile sauti ya ta, ta, ilikuwa kibao kikibonyezwa na betri.

Veronicah alielewa. Lakini bado alikuwa na swali, na aliliuliza kwa woga. Betri haijui kusoma. Mbona ilianza kufuta kifo, ikarudi mpaka kuzaliwa?

Kalekye akamwambia wafuatane mjini, akajionee.

Huko kazini aliunganisha kibodi nyingine na kipanya kwa waya, akaiwasha laptopu kwa umeme wa chaja peke yake. Aliandika jina lake. Jina likaanza kufutika kutoka mwisho. Veronicah alirudi nyuma hatua moja. Kalekye akazima, akauchomoa mkanda mwembamba wa kibodi ya ndani, akawasha tena, akaandika. Safari hii jina lilibaki. Kwa hiyo programu zilikuwa nzima, na hapakuwa na virusi. Ugonjwa ulikuwa kwenye kibodi ya ndani.

Alikibandua kitufe cha kufuta. Chini yake palikuwa na utando wa kahawia, unaonata.

"Nani alimwaga chai?"

Veronicah alikumbuka. Wiki mbili zilizopita kikombe kilipinduka. Alipangusa juu, akaendelea kuandika. Kalekye alieleza kwamba sukari ilikauka ndani, ikawa inanata, mpaka Jumanne kitufe kikaganda chini. Mashine iliona mtu amebonyeza kufuta na hajaachilia, na kitufe hicho siku zote hula kurudi nyuma, kutoka pale ulipoachia kuandika. Picha nayo ilichaguliwa kibao kilipobonyezwa mshale ukiwa juu yake, kitufe kikaila. Akamwambia: kimiminika kikimwagika, zima mara moja, chomoa umeme, igeuze kifudifudi ijichuruze, na usiiwashe kabla fundi hajaiangalia.

Kalekye aliweka kibodi mpya na betri mpya. Karatasi za Isaiah zilikuwepo, kwa hiyo Veronicah aliketi hapohapo akaandika upya. Alianza na kuzaliwa, akafika kwenye chuo, harusi, wajukuu mmoja mmoja. Alipomaliza, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alimtumia mwenye msiba, Isaiah, nakala ya kuhifadhi kabla ya kusimama.

Ijumaa kanisani Isaiah alisoma wasifu wa mama yake wote. Ulipofika mwisho wake, watu walilia.

Baada ya ibada Thuo, karani wa kanisa, alimwendea Veronicah kumsifu kwa kijitabu. Akalalamika kwamba yeye hawezi kuandika kizuri hivyo, maana siku hizi mshale wa laptopu yake una kichaa. Unakwenda unakotaka.

Veronicah alimkazia macho. "Ukiiweka mezani, inacheza?"

Thuo akafikiri. Ndiyo, inacheza.

"Iko wapi sasa?"

"Ofisini. Nimeiacha kwenye chaja tangu asubuhi."

Veronicah hakungoja. Alimshika mkono, wakapita katikati ya waombolezaji mpaka kwenye mlango wa ofisi. Thuo alipougeuza ufunguo, ile harufu tamu iliwapokea. Veronicah alizima swichi ya ukutani na kuchomoa chaja. Walisukuma madirisha yote wazi, wakaibeba laptopu juu ya sinia la bati hadi kwenye kokoto, nyuma ya kanisa. Ilikuwa ya moto, na mfuniko wake umeachama.

Haikushika moto. Veronicah akampigia Kalekye simu. Walisimama mbali wakiitazama, mpaka Kalekye alipofika na mkoba wake.