Kitambaa Juu ya Kompyuta

Nyumba ya Mbeti pale Donholm haina kitu kisichovishwa. Viti vina vitambaa. Meza ina kitambaa. Redio ina kitambaa, na televisheni ina viwili. Vyote amefuma kwa mkono wake, kwa uzi mweupe.

Mwaka wa 1988 mfadhili mmoja alilipatia kanisa lao kompyuta kuukuu. Ofisi ya kanisa haikuwa na vyuma madirishani, kwa hivyo kompyuta ikakaa kwa Mbeti, mpiga chapa wa kanisa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuipima. Wiki hiyo hiyo kioo chake kikapata kitambaa, tena chenye shanga kwenye pindo!

Kazi kubwa ya Mbeti ilikuwa nyimbo za Mzee Muindi. Mzee huyo aliongoza kwaya miaka mingi. Alitunga nyimbo sitini na tatu kwa Kikamba. Hakuandika hata moja, maana macho yake yalikuwa yameharibika. Kila Alhamisi alikuja, akanywa chai, akaimba polepole, na Mbeti akapiga chapa. Walimaliza wimbo wa mwisho mwezi wa Mei. Mwezi wa Juni Mzee Muindi akafariki.

Jumamosi moja asubuhi Mbeti aliketi kusahihisha nyimbo hizo. Alivuta kitambaa. Kikakwama kidogo, akakivuta kwa nguvu. Akatia disketi, akawasha mashine. Sanduku la kompyuta likanguruma, lakini kioo kikabaki cheusi.

Akangoja. Cheusi. Akazima, akawasha tena. Cheusi tititi.

"Baba Ndanu!" akapiga kelele. "Njoo! Nyimbo za Mzee zimefutika!"

Ni nani sasa angeimba ili yeye aandike? Kwaya ilijua nyimbo kumi tu. Zile nyingine zilikuwa zimebaki kwake peke yake, na sasa amezipoteza.

Nyamai, mumewe, alitoka mbio na povu la kunyolea shavuni. Nyamai ni dereva wa lori. Kwake, dawa ya mashine yoyote iliyogoma ni kofi. Akakipiga kioo ubavuni. Akakipiga tena.

"Wacha! Hiyo si redio," Mbeti akasema.

"Redio si ilisikia?"

Kioo hakikusikia. Nyamai akachomoa waya ukutani, akageuza kioo na kuleta bisibisi. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka.

"Hodi!"

Alikuwa Jawahir, jirani wa mlango wa pili, amekuja kurudisha chekecheke ya unga. Jawahir alizaliwa Eastleigh. Kazi yake ni kuendesha kompyuta katika ofisi moja ya Industrial Area. Aliona bisibisi, na chekecheke ikamponyoka.

"Subhanallah! Baba Ndanu, toa mkono!"

"Nimeshachomoa waya, shemeji."

"Hata ukichomoa! Ndani ya hicho kioo kuna stima inayobaki. Inaweza kukaa muda mrefu. Ukiigusa inakuua. Ofisini kwetu hakuna anayethubutu kukifungua, tunaita fundi wake."

Nyamai aliangalia kidole chake. Kilikuwa karibu kabisa na mwanya wa nyuma ya kioo. Akaketi, povu bado shavuni. Mbeti alishika kichwa. Dakika tano zilizopita alikuwa akizililia nyimbo, na kumbe alikuwa karibu kumlilia mume.

Jawahir alirudisha skrubu zote mbili mwenyewe. Kisha akauliza, "Mama Ndanu, televisheni yako ikiharibika, mtangazaji amekufa?"

"Hapana. Yuko kule studio."

"Basi nyimbo hazikai kwenye kioo. Kioo kinaonyesha tu. Ulikuwa ukizihifadhi kwenye disketi?"

"Kila Alhamisi, kabla ya Mzee kuondoka."

"Basi tulia. Tutaanza na vitu rahisi, vya nje. Fanya wewe, mimi nitakuambia."

Mbeti alichomeka plagi na kuwasha.

"Sikiliza," Jawahir akasema. "Sanduku linanguruma?"

"Ndiyo. Na limelia mara moja. Pii."

"Mlio mmoja mfupi, hiyo ni afya. Kioo nacho, taa yake ndogo inawaka?"

"Inawaka kijani."

"Basi stima inafika kote. Zima vyote. Sasa shika ule waya unaotoka kwenye sanduku kwenda kwenye kioo. Utoe. Kuna sindano yoyote ndani iliyopinda?"

Mbeti alizikagua moja moja. Zote zilikuwa zimenyooka. Akaurudisha waya, akausukuma hadi mwisho, akakaza. Akawasha.

Kioo kikabaki cheusi. Mbeti alimtazama Jawahir kama mtu anayengoja habari ya hospitali.

"Sogeza mkono karibu na kioo, kwa mbele. Pole pole."

Vinywele vya mkono vikasimama. Kitu kikalia tatatata. Mbeti aliruka nyuma.

"Ngai! Ni nini hiyo?"

"Ni habari njema. Hiyo ni stima ya juu juu tu, haidhuru; maana yake kioo ni kizima, kinafanya kazi. Pengine ni mwanga tu umepunguzwa."

Jawahir akainama na kuchungulia chini ya ukingo wa kioo. Kisha akaanza kucheka.

"Mama Ndanu, huu uzi ni wa nani?"

Pale chini palikuwa na kitufe kidogo cha kuzungusha, cha kuongeza na kupunguza mwanga. Uzi mweupe ulikuwa umekizunguka mara mbili, na ushanga mmoja ukining'inia. Mbeti aliutambua. Alipovuta kitambaa kwa nguvu asubuhi ile, alikuwa amezima mwanga kwa mkono wake mwenyewe.

Akautoa uzi. Akazungusha kitufe. Herufi za kijani zikachomoza kidogo kidogo. Akafungua wimbo wa kwanza, na maneno ya Mzee Muindi yakajipanga kiooni, mstari kwa mstari. Mbeti akalia wazi wazi.

"Na nakala ya pili iko wapi?" Jawahir akauliza.

"Ya pili?"

Nyimbo sitini na tatu za marehemu zilikuwa kwenye kitu kimoja chembamba kuliko chapati! Jawahir alikwenda kwake, akarudi na disketi tupu. Wakanakili zote kabla ya chakula cha mchana.

"Sasa moja ikae kwako na moja ikae kwangu," akasema. "Zisilale nyumba moja."

Kitambaa chenye shanga kikahamia kwenye kabati la vyombo. Kompyuta ikashonewa kifuniko laini cha shuka, cha kuvikwa mashine ikishazimwa na kupoa.

Mwezi wa Novemba, Nyamai alimwaga kikombe kizima cha chai juu ya disketi ya Mbeti. Ilikataa kusomeka kabisa. Mbeti hakupiga kelele. Nyamai naye hakupiga mashine kofi wala kutafuta bisibisi. Alivaa viatu, akaenda mlango wa pili, akabisha hodi.

"Shemeji Jawahir," akasema, "nimekuja kumchukua Mzee."