Nilizika Tunda la Yago Badala ya Mume Wangu

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Wa rika langu mnaukumbuka... ule unga wa msaada kutoka Amerika, ugali wake unanuka gunia, na watu wakisema ni chakula cha farasi. Lakini tulikula! Mchana ugali wa njano na omena, wale dagaa wetu, jioni ugali wa njano na chumvi.

Leo nina miaka themanini na mbili na wajukuu kumi na tisa, mmoja ni daktari. Mimi shule niliacha darasa la pili. Mwaka ule nilikuwa na ishirini na mbili, nimeolewa chini ya milima ya Gwassi, karibu na Sindo, kando ya ziwa, na nilikuwa na mimba ya miezi sita.

Mume wangu aliitwa Ochuka. Jamani, yule alikuwa samaki! Wavu ukinasa kwenye mwamba ziwani, aliitwa yeye kuzama na kuunasua.

Ndipo wakaja wapiga mbizi. Walikuwa vijana wanne kutoka Nairobi, wakiongozwa na Mhindi mmoja tuliyemwita Mwalimu, maana alifundisha sayansi. Walikuja wakati wa likizo, bila mshahara wowote, na matangi ya hewa mgongoni, waingie kwenye pango la chemchemi yetu. Walitaka nini? Maji! Wanajaza vichupa, wanabandika namba, wanapima joto, wanachota matope na vidudu vyeupe visivyo na macho. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. "Watu wazima wametoka Nairobi kuja kuchota maji na wake zetu!" Tukawapa jina, Ngege, kama samaki wetu.

Ochuka akajitolea kusaidia. Wakamfundisha kuvuta hewa ya tangi. Nikamgombeza, kazi gani ya bure, na njaa hii? Akanijibu kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "Nyar Karungu, nataka tu kuona haya maji yanatoka wapi." Nikamwamini...

Siku ya tano aliingia na Mwalimu asubuhi. Mwalimu akatoka peke yake. Ochuka alikuwa ametangulia mbele, akapotea gizani. Wenzake wakaingia, wakatoka mikono mitupu. Siku tatu! Nilikaa juu ya mawe na tumbo langu, nikiita jina lake ndani ya shimo, na shimo likinirudishia jina lile lile.

Siku ya tatu ya kumtafuta, Mwalimu akatoka na tangi la Ochuka, mshipi wake, na chupa nne zimejaa, zimefungwa vizuri. Akapiga magoti mbele yangu. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjika akanieleza kwamba mbele ndani kuna chumba chenye hewa. Vitu hivi vilipangwa juu ya jiwe. Kuna mwanya unapanda, na mwanga wa jua unaonekana.

"Mama, mtu anayezama hapangi vitu," akasema. "Twende tutafute upande wa pili wa mlima."

Laiti ningemsikiliza! Lakini mimi nilisikia nini? Nilisikia mgeni akiniambia mume wangu amenikimbia. Mimi, nikimbiwe? Mimi, binti wa nani? Nikamtemea mate. Nikachukua zile chupa nne, maji ya mwisho aliyochota Ochuka kwa mkono wake, nikazipasua juu ya mawe, moja moja. Watu walipoona hivyo wakavunja na zile nyingine zote, kazi yote ya wale vijana. Mwalimu alipigwa, akaondoka na damu kichwani. Na mimi nilishangilia. Mungu anisamehe!

Kwetu Waluo, maji yakimmeza mtu na mwili usipatikane, tunazika tunda la mti wa yago, refu na zito kama paja la mtu. Shemeji yangu Odero alilichuma. Nililiosha kwa mikono hii, nikalivisha shati la Ochuka la kanisani, nikalilaza kaburini. Nililia mpaka sauti ikakauka. Wanaume wakaziba mdomo wa pango kwa mawe lisimeze mwingine. Chemchemi ikageuka matope, tukawa tunabeba maji kutoka ziwani. Binti yangu akazaliwa hana baba. Odero alipotaka kunirithi kama mila inavyosema, nilikataa, nikatengwa.

Miaka minne nilikuwa mwaminifu... kwa tunda!

Mwaka wa nne nilipeleka omena soko la Migori. Mwanamume akainama kwenye gunia langu, akauliza bei bila kuniangalia. Sauti ile! Nikainua macho. Ochuka! Tena amenona! Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Alinivuta kando, akasema yote. Alikuwa na mwanamke Shirati, upande wa Tanzania, hata kabla sijapata mimba. Huyo alikuwa mtu wa kanisa, hakutaka kuwa mke wa pili. Siku ya nne ya kuzama aliuona ule mwanya, akajua njia imepatikana.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu. Mnajua alinijibu nini? "Niliona heri unililie kuliko unitukane."

Sasa alitaka kurudi nyumbani kwao, mama yake amezeeka. Alikuwa ametuma mtu kwa wazee kwa siri. Wakamjibu kwamba aliyezikwa hapokelewi mpaka mjane wake akubali kaburi lifukuliwe.

Nikamwambia, "Mume wangu nilimzika, na mimi sifukui kaburi."

Siku hiyo sikumlilia Ochuka. Nilimlilia Mwalimu. Nilimwandikisha mtu barua ya kumwomba msamaha, nikaituma Nairobi. Ikarudi. Ameshahama, hajulikani alikoenda. Deni la damu yake ninalo mpaka leo.

Wasichana wangu, nawasihi! Mtu akikuletea neno chungu, usimtemee mate kwa sababu limekugusa kiburi. Lisikie kwanza. Nenda upande wa pili wa mlima ukaangalie kwa macho yako. Ukikuta ni uongo, umepoteza nini? Mimi nilipoteza miaka minne, nikamwaga damu ya mtu asiye na kosa.

Ochuka alinifuata siku ile mpaka mwisho wa soko, analia mbele za watu, ananishika kitenge. "Nyar Karungu, hata kwa ajili ya mtoto wetu?"

"Mume wangu nilimzika, na mimi sifukui kaburi."