Milimita Kumi na Mbili za Jino

Jumapili, saa moja na dakika kumi asubuhi, Senga Dalgleish alishuka kwenye baiskeli yake katikati ya mpando wa njia iitwayo Ngazi ya Mbuzi, akaliangalia jiwe lililo mbele yake kama mtu aliyekuta jirani yake amenyoa nyusi. Kitu kilikuwa kimepungua. Ilimchukua muda kujua ni nini.

Jiwe hilo waliliita Jino. Lilikaa pale njia inapobana, bapa kwa juu, upana wa viganja viwili. Ilikubidi upite kushoto kwake huku unakanyaga, maana ukiacha kukanyaga mlima unakurudisha ulikotoka, na pedali yako ya kulia ikapita juu ya jiwe ikiponea chupuchupu. Wengi waligonga wakaanguka. Sasa nusu ya kushoto ya Jino ilikuwa imechongwa kwa patasi, na kovu lake limepakwa tope lisionekane.

Senga alipiga magoti, visubi wakimla shingo. Vumbi la jiwe lilikuwa bado kavu, na mvua ya Jumamosi ilikatika saa kumi jioni, kwa hiyo mhalifu alikuja baada ya hapo. Kwenye tope, tairi moja ilikuwa imepanda, imegeuka, imeshuka, imepanda tena, mara nne. Alama za tairi hazikumsaidia, kwa sababu nusu ya wapanda baiskeli wa bonde la Tweed walitumia tairi za aina hiyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyewauzia.

Atakayeuliza jiwe lina nini hajawahi kuishi Uskoti na watu wa baiskeli za milimani. Kwao njia ni njia: ukishindwa, jifunze, au shuka usukume. Kulainisha jiwe ili upite wewe ni wizi, tena wa kumwibia kila mtu.

Saa nne habari ilikuwa imemfikia Bi Haldane, msimamizi wa msitu. Mkataba ulikuwa wazi: kikosi cha njia, yaani wapanda baiskeli waliojitolea kuitunza, hakigusi jiwe bila idhini. "Nataka jina kabla ya Alhamisi, saa kumi na mbili jioni," alisema. "Jina lisipopatikana, nafunga lango la msitu."

Watu wa kikosi walikuwa tisa, na karibu wote walitaja jina moja papo hapo: Ishbel Rutherford. Huyu alikuwa muuguzi, mdomo wake hauna breki, na Septemba ndiye angepokea uongozi kutoka kwa Wattie Veitch, aliyeichimba njia hiyo na kulisimika Jino kwa mikono yake miaka ishirini iliyopita. Kabla ya adhuhuri Ishbel alikuwa amenyang'anywa ufunguo wa kibanda cha zana. Wattie hakumtetea. Senga, fundi baiskeli ambaye jicho lake haliachi kitu, akaombwa achunguze.

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, alimwita Ishbel kwenye karakana.

"Wewe ndiye uliyesema utalivunja Jino kwa nyundo?"

"Nilisema, mwezi wa Machi, liliponiangusha, mkono ukiwa kwenye plasta. Ulitaka nilishukuru?"

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimelala. Nilikuwa nimetoka zamu. Shahidi wangu ni paka."

"Huyo hatatusaidia."

"Hajawahi kumsaidia mtu yeyote." Ishbel alicheka, halafu macho yakamjaa maji ghafla. "Senga, miaka sita nachimba mifereji kwenye mvua. Leo Struan, ninayechimba naye, kanipita barabarani hata salamu hakutoa. Wakinitoa kwenye kikosi, mimi nina nini tena hapa?"

Senga alichukua futi ya kupimia. "Hebu panda baiskeli yako."

Ishbel alipanda, ameegemea ukuta. Baada ya kuvunjika mkono ule wa Machi, Senga mwenyewe ndiye aliyembadilishia mikono ya pedali, vile vyuma viwili vinavyoibeba pedali na kuizungusha. Alimtoa kwenye milimita mia moja sabini na tano, akamfungia ya mia moja sitini. Mkono mfupi, pedali haishuki sana. Sasa alipima kutoka sakafuni hadi chini ya pedali: mia moja arobaini. Nusu ya Jino ambayo haikuguswa ilikuwa na kimo cha mia moja ishirini na tano.

"Unapita juu yake bila hata kulikwaruza," alisema Senga.

"Tangu Aprili sijaligusa! Niweke kisasi cha nini na jiwe nililokwisha kupatana nalo?"

Senga alimpigia simu Wattie kumweleza. Mzee akasema, "Hasira haina hesabu, Senga." Maneno hayo hayakumkaa vizuri, lakini hakujua ni kwa nini.

Jumanne, saa saba mchana, alipanda mlimani na Struan Laidlaw. Struan alikuwa mwashi wa mawe, mrefu, mwenye sanduku zima la patasi, kwa hiyo naye alikuwa mshukiwa, na alijua.

"Umenileta hapa kunikamata au kuniuliza?"

"Kukuuliza kwanza. Kazi hii ni yako?"

Struan alilipapasa kovu, akasonya. "Usinitukane. Mimi ningelipiga mara tatu nikaenda kunywa chai. Huyu amegonga kama anayebisha hodi kwa mkwewe. Tena tazama, amekata tabaka, akaacha. Akakata jingine, akaacha. Matatu, manne."

"Tairi nayo ilipanda mara nne."

"Basi alikuwa anakata, anajaribu kupita, anarudi kukata."

"Mpaka pedali yake ilipopita," alisema Senga. "Hakutaka kuliondoa jiwe. Alikata kiasi chake tu." Alishusha futi: sehemu iliyochongwa ilikuwa na kimo cha mia moja kumi na tatu. Zilipungua milimita kumi na mbili, unene wa kidole.

Struan alinyoosha mkono kuelekea mferejini. Vipande vya jiwe vilikuwa vimepangwa kando, maji yapite. "Sasa hili ndilo linalonichanganya. Nani anavunja njia halafu anautunza mfereji?"

Walitazamana. Mhalifu huyu alikuwa na adabu kuliko mashahidi.

Jumatano alitangaza ukaguzi wa baiskeli wa bure, na Waskoti hawajawahi kukataa cha bure. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alipima baiskeli saba, ya Ishbel tena ikiwemo, kila mwenyewe akiwa amekaa juu yake. Ya Struan ilikuwa ya zamani, imenyanyuka, mia moja thelathini na tano. Nyingine zilikuwa mpya, za kisasa, zilizokaa chini, lakini zote alikwisha kuzifungia mikono mifupi. Zote saba zingepita juu ya Jino hata kabla halijachongwa. Na yake vilevile. Aliwatazama watu wanane katika daftari lake na wote walikuwa safi. Hesabu ilimgomea, akairudia mara mbili huku mkate wake wa viazi ukipoa.

Ndipo alipomkumbuka wa tisa. Hakumwita, kama vile usivyomwuliza mchungaji kama ndiye aliyeiba mishumaa. Baiskeli ya Wattie ilikuwa mpya. Februari kikosi kilichanga kikamnunulia alipotimiza miaka sitini na mitatu, na Senga ndiye aliyeiunga. Alikumbuka walivyobishana. "Nifungie mikono ya mia moja sabini na tano," mzee alisema. "Nimeitumia miaka thelathini, miguu yangu inaijua." Naye, kwa heshima, akamfungia.

Senga alikaa chini. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hakuna anayependa kuikagua nguo.

Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, Wattie aliingia karakana na baiskeli yake mpya, kama Senga alivyomwomba. Baiskeli yake ya zamani ilikuwa imeegemezwa mezani. Mkewe ndiye aliyempa Senga asubuhi ile.

"Panda hii ya zamani," alisema Senga.

"Ya nini?"

"Panda tu, Wattie."

Alipima: mia moja thelathini na moja. Akampandisha ile mpya: mia moja kumi na tisa. Aliziandika namba mbili hizo kwa chaki ukutani, na pembeni yake kimo cha Jino, kabla na baada. Wattie alizisoma.

"Baiskeli imeshuka milimita kumi na mbili," Senga alisema. "Na jiwe limepungua kumi na mbili. Ni wewe."

Mzee hakukana. Alishuka akakaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. "Sema tena hiyo ya kwanza."

"Ipi?"

"Kwamba baiskeli imeshuka."

"Fremu za sasa zinakaa chini, na springi ya nyuma inazama ukikaa. Kila mtu anagonga mpaka abadilishe mikono. Kwani wewe ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni mguu, unalegea unaiinamisha pedali." Alilipapasa goti la kulia. "Unamkumbuka kaka yangu Eck? Alianza hivyohivyo. Mguu wa kulia haunyanyuki sawasawa. Baada ya hapo majina yakampotea, na baada ya hapo hakunijua mimi. Machi niligonga Jino mara tatu. Aprili, kila nilipopita. Miaka ishirini sijaligonga, Senga!"

"Ukaamua kulikata ili usigonge."

"La. Nilitaka kupima. Nikate kidogo kidogo mpaka nipite, nijue mguu umeshuka kiasi gani. Mwakani nipime tena, nijue ugonjwa umeongezeka kiasi gani." Alifuta uso. "Sikuweza kumwambia daktari. Wala mke wangu."

Huruma na hasira vilimpanda Senga kwa pamoja, hakujua aanze na kipi. Na kosa lake pia alikuwa analiona, limeandikwa kwa chaki. "Mikono ile nilikufungia mimi, na nilijua ni mirefu. Hilo ni langu," alisema. "Lakini Ishbel je? 'Hasira haina hesabu.' Ulimsingizia ukijua."

"Kama ningesema, wangeuliza kwa nini."

"Zimebaki saa mbili na robo."

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, mbele ya kibanda cha zana, Wattie alivua kofia akalitaja jina lake mwenyewe. Alieleza yote, hata habari za Eck. Bi Haldane aliandika, akasema lango litabaki wazi, na kwamba kwa mwaka mzima Veitch hatagusa zana. Struan alimrudishia Ishbel ufunguo bila kumtazama usoni. Watu walimzunguka mzee, wakampigapiga mabegani, wakampa pole.

Ishbel hakumpa. "Mwiba wa kujichoma," alisema, akasubiri makelele yatulie. "Jumapili, saa mbili asubuhi, tukutane kwenye Jino. Senga atakuwa amekufungia mikono mifupi. Utapita upande wa kulia, juu ya nusu ambayo hukuikata."

Jumapili walikuwa watatu tu. Wattie alipanda polepole, uso umemkauka kwa hofu. Pedali ya kushoto ilishuka ikapita juu ya jiwe, nafasi ya milimita tisa, bila sauti. Mguu wa kulia ukanyanyuka, ukasukuma vizuri kabisa. Mzee alifika juu, akashuka, akaegemea usukani. Alilia kwa kwikwi, kama aliyetolewa kifungoni asijue aende wapi.

Senga alitaka kumfuata. Ishbel alimzuia kwa mkono, akapanda yeye.

"Kwa hiyo mguu wako mzima," alisema.

"Mzima, binti yangu. Mzima kabisa! Miezi mitatu nilikuwa najizika mwenyewe..."

"Nimefurahi. Kweli nimefurahi." Alimkazia macho. "Lakini kibandani ulimweleza kila mtu ulivyoogopa. Siku nne nilikuwa mwizi, Wattie, na wewe ulikuwa unajua. Mpaka leo hujaniomba radhi."

Wattie alifungua mdomo aeleze tena habari za kaka yake. Akaufunga. Alivua kofia ngumu, akailaza baiskeli majanini, akageuka kumtazama.

"Nisamehe, Ishbel."

"Bado," alisema Ishbel. "Ila sasa umeanza."