Tarakimu ya Mwisho kwenye Bodi

Kila siku baada ya masomo, Safari alipitia karakana ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, akanawa mikono, kisha akapanda kwenye stuli iliyokuwa karibu na dirisha. Karakana ilikuwa chumba kimoja tu, chenye meza ndefu na makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa. Jua la alasiri liliingia kwa ubavu na kulifanya vumbi la hewani lionekane kama samaki wadogo wanaoogelea polepole. Safari aliweza kuwatazama samaki hao mpaka aitwe mara tatu.

Safari halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na babu yake, aliyesema kwamba mwili wa mtoto huyu uko nyumbani lakini akili yake iko njiani muda wote. Hata darasani, mwalimu alipomuuliza swali, wenzake walicheka na kusema, "Mwalimu, msubiri kidogo, bado hajafika." Alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa mvivu hata kidogo. Ila dunia ilikuwa na mambo mengi ya kutazama, naye hakupenda kuyaacha yapite.

Babu yake alikuwa ametangaza kwenye stesheni ya treni kwa miaka thelathini. Sauti yake ndiyo iliyowaambia watu treni ipi imefika na ipi imechelewa, na watu walisema kwamba hata treni iliyochelewa saa mbili ilisameheka ikitangazwa na yeye. Baadaye koo likaugua, akafanyiwa upasuaji. Alipona, lakini sauti haikurudi.

Tangu hapo Babu alisema kwa kutumia kompyuta ndogo ya mkononi. Ilifunguka kama kitabu, haikuzidi upana wa kiganja, na ilikuwa na vitufe halisi vya kubonyeza. Babu aliandika kwa vidole gumba viwili, na mashine ikayasoma maneno yake kwa sauti nyembamba, kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya mtungi. Simu za siku hizi, zenye kioo kitupu, zilimshinda. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini vidole vyake vilikijua kila kitufe. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alikwenda maktaba na kuwasomea watoto hadithi kwa sauti hiyo ya mtungini, nao walikaa sakafuni kimya, midomo wazi.

Kiwanda kilichotengeneza kompyuta hizo kilifungwa kabla Safari hajazaliwa. Lakini wenyewe, kabla ya kufunga, waliiacha wazi michoro na programu zake zote, ili yeyote azisome, azirekebishe na kuwapa wengine. Ndiyo maana mashine zile hazikuishia jalalani. Watu wa nchi nyingi, wasiojuana hata kwa sura, waliendelea kuzihudumia. Mmoja alibuni bodi mpya ya kuingia katika kasha la zamani. Mwingine alikuwa akikiandika upya kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoiamsha mashine na kuviambia vitufe, kioo na spika vifanye nini. Huyu wa kiini alijiita Bundi katika barua pepe zake. Safari alipenda kumfikiria: labda ni mama mwenye miwani, labda kwake mvua inanyesha sasa hivi, na chai yake inapoa kando ya mkono.

Jumatatu moja bodi ya zamani ya Babu ilikufa kabisa. Shangazi hakushtuka, kwani bodi mpya ilikuwa imekwisha kufika kwa posta.

"Mwanangu, nisaidie kazi moja," alimwambia Safari huku akifungua kasha kwa bisibisi. "Soma namba iliyoandikwa pembeni mwa bodi mpya, uiandike daftarini. Zipo bodi za aina mbili, zinafanana kama mapacha. Zinatofautiana tarakimu ya mwisho tu, na kila moja ina kiini chake."

Safari aliishika bodi chini ya kioo cha kukuzia. Mara ikageuka mji. Barabara za shaba zilipinda na kukutana, nyumba nyeusi za ghorofa zilijipanga kwa safu, na pale katikati palikuwa na uwanja mweupe usio na mtu. Alijiona akitembea katika mji huo, hatua zake zikilia tik, tik juu ya shaba.

"Umeshaandika?" Shangazi aliuliza.

Safari aliharakisha. Alinakili tarakimu zote, lakini ile ya mwisho ilikuwa imefunikwa na tone kavu la gundi. Ingeweza kuwa tatu, na ingeweza kuwa nane. Aliandika tatu.

"Tayari, Shangazi."

"Umeona vizuri?"

"Nimeona vizuri."

Shangazi alipakia kiini kwenye kadi ya kumbukumbu kwa kufuata namba ile, akaifunga bodi ndani ya kasha, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kioo kilibaki cheusi. Alibadilisha betri. Alikagua nyaya moja moja. Jioni Babu alikuja kuichukua kompyuta yake, akaitazama pale mezani, akampigapiga Shangazi begani kumtuliza, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Jumanne Shangazi alimwandikia Bundi na kumtajia namba ya bodi. Jumatano jibu likaja, naye Safari akalisoma akiwa nyuma ya bega la shangazi yake. Bundi aliandika kwamba amepitia kiini mstari kwa mstari na haoni kasoro. Aliomba radhi kwa usumbufu. Kesho angeanza tena mwanzo.

Jioni hiyo Safari alikula matonge mawili tu. Mtu asiyemjua hata kidogo alikuwa akijilaumu kwa ajili yake.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, jirani yake wa dawati alimfuata uani. Msichana huyu alipewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. "Eti babu yako atakuja Jumamosi? Mdogo wangu amenisumbua wiki nzima. Anataka kujua kama yule mbwa wa kwenye hadithi alipatikana."

"Mashine imeharibika," Safari alisema.

"Nani ameiharibu?"

"Sijui. Imeharibika tu." Akageuka na kuondoka kabla Chiriku hajauliza tena.

Siku hiyo, Safari alipokwenda nyumbani kwa chakula cha mchana, Babu alivuta kikaratasi akamwandikia kitu. Mkono wake ulitetemeka kwa uzee, na herufi zilipandana kama nyuzi zilizovurugika. Safari aligeuza karatasi huku na huku.

"Maji, Babu?"

Babu alitikisa kichwa.

"Nikusogezee kiti?"

Babu alitikisa kichwa tena. Kisha alitabasamu, kama mtu anayesema basi yaishe, akaikunja karatasi mara mbili na kuitia mfukoni. Safari alitazama mfuko ule. Mtu aliyekuwa akizungumza na stesheni nzima sasa hakuweza kumwambia mjukuu wake hata neno moja.

Hakumaliza chakula. Alikwenda karakana bila kusubiri alasiri, akaingia na viatu vyake miguuni. Mara hii hakupanda kwenye stuli.

"Shangazi, ile tarakimu ya mwisho sikuiona. Ilikuwa na gundi. Nilikisia."

Shangazi aliweka bisibisi mezani taratibu. "Na nilipokuuliza?"

"Nilisema uongo."

"Siku nne, mwanangu. Kwa nini hukuniambia?"

Safari alishindwa kuinua uso. "Kila mtu hunicheka kwamba akili yangu haipo. Niliona ukijua kwamba sikuwa naangalia, hutanipa kazi tena. Halafu kila siku ilipopita ikawa vigumu zaidi."

Shangazi hakumkaripia, wala hakumwambia si neno. Alimsogezea kasha, skrubu na bisibisi. "Ifungue wewe."

Safari alilegeza skrubu moja moja. Aliitoa bodi, akalowesha pamba kwa spiriti, akalisugua tone la gundi mpaka likayeyuka. Mara hii hakuona mji. Aliona tarakimu. Ilikuwa nane.

Walipakia kiini cha bodi ya nane. Safari alibonyeza kitufe, na kioo kikang'aa rangi ya kijivu. Mistari midogo ya maandishi meupe ikaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine, mingi mno, mithili ya mvua inayonyesha kwenda juu. Shangazi na mpwa wake waliitazama mpaka mashine ikatoa mlio mdogo na kutulia.

Walimpelekea Babu nyumbani. Aliifungua, akapitisha vidole juu ya vitufe, akavuta pumzi ndefu.

"Babu," Safari alisema, "mchana uliniandikia nini?"

Vidole gumba vikaenda mbio. Sauti ya mtungini ikasema, "Nilikuuliza mbona huli siku hizi."

Safari aliketi miguuni pake akalia, kisha akamsimulia mambo yote tangu mwanzo. Babu alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mjukuu wake.

"Bado kuna mtu mmoja," Shangazi alisema. "Huko aliko anatafuta kosa ambalo si lake."

Basi Safari akamwandikia Bundi mwenyewe. Hakupamba kitu. Aliandika kuhusu gundi, kuhusu kukisia, na kuhusu zile siku nne.

Jibu lilikuja Jumamosi asubuhi, na Shangazi alilisoma kwa sauti walipokuwa wakijiandaa kwenda maktaba: "Asante kwa kuniambia. Nilikuwa nimeanza kufikiri nimezeeka. Baada ya barua yako niliwauliza wengine, na wawili wamekiri kwamba tarakimu hiyo iliwapotosha pia, nao walikaa kimya kwa aibu. Sasa nimeongeza mistari kumi na minne. Kuanzia leo kiini kitaiuliza bodi yenyewe namba yake kabla ya kuamka, na hakuna atakayehitaji kukisia tena."

Shangazi alimtazama Safari. "Kuota mchana hakujaniudhi. Hawa wanaozihudumia mashine hizi ni waotaji watupu, maana mtu mwingine angekwisha zitupa. Kilichotuumiza ni wewe kujua na kunyamaza. Gundi ilitaka dakika moja ya kusafishwa, lakini ukimya wako ulimnyima Babu sauti na ukampa mtu wa mbali mzigo usio wake. Usipoona, sema hujaona. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado ni dogo na mtu anaweza kulirekebisha."

"Nimeelewa, Shangazi."

Wakatoka wote watatu. Maktabani watoto walikuwa wameshakaa sakafuni, na mdogo wa Chiriku alikuwa mbele kabisa, amekumbatia magoti. Babu aliketi, akaifungua kompyuta yake, na sauti ya mtungini ikaendelea na hadithi ya yule mbwa.